Bata Watatu wa Mkwe

Ezron Siwale alimjua mama mkwe wake kwa kikohozi na kwa miguu. Uso wake hakuwahi kuuona. Alikuwa na miaka tisa ndani ya ndoa na Elina, wamezaa, wamezika, wamejenga na kuhamishwa, na katika miaka yote hiyo bibi Enesi, mama yake Elina, alibaki kwake kuwa nyayo mbili zilizopasuka, pindo la kitenge, na kikohozi kikavu cha mara mbili chenye maana moja tu: napita, jiepushe. Ezron akikisikia alijiepusha. Aliingia kichakani, au alizunguka nyuma ya nyumba, na siku moja alipokosa pa kwenda alijifunika kikapu kichwani, akasimama vivyo hivyo mpaka mama wa watu akapita. Watu walicheka wiki nzima, lakini walicheka kwa kumsifu.

Ndivyo walivyolelewa. Kwa watu wa kwao mwanamume hamtazami mama mkwe, hatamki jina lake, wala hasemi naye neno, mpaka siku mama huyo atakapompikia chakula cha kumwingiza. Siku hiyo hupikwa nyama, wanawake hubeba chungu kwa vigelegele, mkwe hula mbele yao, na tangu hapo amekuwa mtoto wa nyumbani, anasalimia na kusalimiwa kama watu wengine. Bibi Enesi alikuwa amekichelewesha chakula hicho, tena si kwa ubaya. Mwaka wa kwanza wa ndoa ile alifiwa na mumewe. Baadaye kuku wake wote walikufa kwa kideri. Akafuga wengine, ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka sabini na nne, watu wakapakiwa kwenye malori pamoja na vyungu vyao, na kuku wake kumi na mmoja wakabaki mahame, kwenye makazi yaliyoachwa, wakimlilia.

Huko kwenye kijiji kipya, chini ya Ndalambo, mpimaji alivuta kamba, akapigilia vigingi, akagawa viwanja kwa mistari iliyonyooka. Hakuuliza nani mkwe wa nani. Serikali ilikuwa na mengi ya kukumbuka. Basi nyumba ya Ezron ikatazamana na nyumba ya bibi Enesi, mlango kwa mlango, hatua ishirini, na kwa miaka mitatu watu wale wawili waliishi kwa kukoholeana. Hakuna aliyetoka nje kabla ya kusikiliza kwanza.

Usidhani hawakupendana. Viazi vitamu vya kwanza kuchimbwa katika bustani ya bibi Enesi vilikuwa vya mkwe, na Elina ndiye aliyevivusha barabara. Bibi akienda kanisani, Ezron alipanda juu ya paa lake akaziba panapovuja, akashuka kabla ya wimbo wa mwisho. Bibi akirudi alitazama juu, akacheka peke yake, akamwambia Elina, "Huyu mume wako, panya gani huyu anayeleta nyasi badala ya kuzichukua?" Elina alicheka, akaenda kumweleza mumewe, naye Ezron akacheka. Kila neno lao lilipita kwa Elina.

Ezron alikuwa msimamizi wa shamba la kijiji. Kwenye mikutano alisimama na kulaani mila zinazoturudisha nyuma, akazitaja moja moja, lakini mila ya mkwe hakuigusa. Maneno ni maneno na mkwe ni mkwe.

Shamba lenyewe lilikuwa mbugani, ekari arobaini za mpunga. Wenyeji walisema pale si shamba, ni mahali maji yanapolala. Wataalamu walisema ni shamba. Wote walisema kweli: mwezi wa kumi na mbili lilikuwa shamba, na mwezi wa tatu lilikuwa ziwa, mpunga umesimama ndani ya maji mpaka shingoni, na matuta ya majaruba hayaonekani ila kwa mtu aliyeyajenga mwenyewe. Hapo ndipo ndege walipokuja.

Ezron aliwangoja juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia ndege, tangu kabla jua halijachomoza. Walitangulia bata wale wanaopiga mluzi, wakizunguka juu mara tatu kabla ya kushuka, kama watu wanaobishana kama waingie au wasiingie. Halafu mabata bukini, meusi, mazito, yakitua kwa kishindo na kuburuza miguu majini. Korongo weupe walitembea pembezoni wakiokota vyura, kimya, wala mpunga hawakuugusa. Mwishoni walikuja bata wadogo wenye mstari mweupe juu ya jicho, ambao bwana shamba mmoja alimwambia kwamba hutoka nchi za barafu, na kwamba mwezi wa nne ukiingia hurudi huko wakazae. Ezron hakuamini moja kwa moja, kwa sababu bwana shamba yule alisema mengi. Hata hivyo mwezi wa nne ulipoingia alitazama, na kweli hawakuwapo.

Kazi yake ilikuwa kuwafukuza. Alikuwa na debe, fimbo, na kombeo. Na ukweli ambao hakumwambia mtu ni kwamba kila asubuhi alichelewa kidogo kulipiga debe. Aliwaacha watue kwanza. Aliwaacha wakunje mabawa, wazamishe vichwa, maji yatulie. Mpunga kidogo wa kijiji uliliwa kwa ajili ya macho ya Ezron Siwale, na hilo si katika mambo aliyojutia baadaye.

Mwaka sabini na saba mvua ilizidi na ndege walizidi. Mpunga ulikuwa umeanza kuweka maziwa katika punje, wakati ambao ndege huwa wabaya kuliko kawaida, na watu walikuwa wamechoka. Kila kaya ilipangiwa zamu ya dungu, lakini mpunga wa wote ulikuwa mpunga wa Ezron. Zamu zilipofika watu walikuwa na homa, na homa zao zilipona wakifika kwenye mahindi yao wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Kasiani, alikuwa ameahidiwa wageni wa wilaya waje kuangalia mavuno.

"Ezron," alimwambia, "wewe ndiye unayewajua ndege hawa kama ng'ombe wako. Tufanyeje?"

Mtu akiambiwa anajua, hupenda kuonyesha. Ezron alikuwa na ndugu yake Lusubilo huko Iyula, mkulima wa kahawa, ambaye aliwahi kumpa kopo la dawa ya wadudu, kali, ya kuchanganywa kwa kipimo. Tena alijua kona ambayo ndege hutua kwanza jioni, pale penye maji ya kifundo cha mguu. Alimwambia mzee Kasiani kwamba dawa anayo na mahali anapajua. Alisema haraka, kabla moyo wake haujaulizwa, na mzee Kasiani akampiga begani akamwita mtu wa maendeleo.

Jumamosi ukaitishwa mkutano mbele ya ghala. Ezron alisimama ili atangaze. Wanawake walikuwa wameketi upande wa kushoto, na miongoni mwao bibi Enesi akainuka, akavuta kitenge kichwani, akaondoka, maana mama hasikilizi hotuba ya mkwe wake. Ezron aligeukia ukuta wa ghala mpaka kikohozi kikasikika mbali. Ndipo akafungua mdomo. Alisema dawa itawekwa Jumanne jioni, alisema mtu yeyote asiokote ndege aliyekufa, asimle, asimpe mbwa, kila atakayekufa atazikwa. Alirudia mara tatu. Alitangaza vizuri sana, na mtu aliyemhitaji zaidi amsikie alikuwa ameshaondoka kwa heshima.

Siku nyingine zote Elina angevuka barabara na kumwambia mama yake. Lakini Elina alikuwa amekwenda Nakonde, upande wa pili wa mpaka, kwa dada yake aliyejifungua. Kabla hajaondoka alimwambia Ezron jambo moja akicheka: "Mama amechoka kukohoa. Anasema mwaka huu nyama yoyote itakayopita mbele yake, iwe ya sungura iwe ya nini, anakuingiza nayo." Ezron alifurahi kuliko alivyoonyesha. Kuhusu tangazo alijiambia kuwa kijiji kizima kina midomo, bibi ataambiwa na mtu. Majirani nao walijiambia kuwa ataambiwa na nyumba ya mkwe wake, kwani dawa si ya mkwe wake? Kwa hiyo hakuambiwa na yeyote.

Jumatano alfajiri Ezron alishuka mbugani na jirani yake Barnaba, na majembe mawili. Maji yalikuwa yametulia kuliko alivyowahi kuyaona. Ndege walilala juu yake, wengine kifudifudi, wengine wametandaza bawa moja. Korongo wawili nao walikuwamo, korongo ambao hawakuwahi kula hata punje moja ya mpunga wa mtu. Ezron aliokota bata mmoja mdogo, akaona ule mstari mweupe juu ya jicho, akamshika muda mrefu.

"Umeokota dhahabu?" Barnaba alimuuliza.

"Huyu alikuwa arudi kwao wiki mbili zijazo."

"Basi amepunguziwa safari," Barnaba akasema, akachimba.

Walizika mpaka jua likapanda. Ezron aliona haya, haya ya mtu aliyefanya ubaya halafu akasifiwa. Hawakujua kwamba baadhi ya ndege walikunywa dawa wakaruka nayo, wakaanguka ng'ambo, kwenye majani ya kando ya kijito, ambako wanawake huchuma mboga.

Barnaba alitangulia kurudi. Ezron alibaki akiosha majembe, kisha akapanda njia nyembamba ya kwenda kijijini, na katikati ya njia akasikia kikohozi. Mara mbili.

Alichepuka palepale, kama alivyochepuka kwa miaka tisa. Mwili ulikwenda wenyewe, akachuchumaa nyuma ya majani marefu, mgongo umeelekea njia. Lakini safari hii jicho lilimponyoka. Katikati ya majani aliona nyayo anazozijua zikipanda kutoka kijitoni, akaona pindo la kitenge, akaona kikapu kimening'inia mkononi, na kutoka kwenye kikapu imechomoza miguu sita ya bata.

Mama, tupa. Hayo tu ndiyo yaliyohitajika, maneno mawili. Yalimjaa mdomoni. Ezron aliyewafokea wenye homa za uongo, aliyehutubia kijiji kizima mbele ya ghala, alikaa pale na maneno mawili yakamshinda. Kumwita mama mkwe kwa nyuma, njiani, hajaingizwa, angekuwa amemvua nguo. Na akisema, atasema nini? Kwamba umeokota mizoga? Bibi angefika kijijini akiwa kichekesho, mama anayekusanya maiti za ndege, na habari hiyo isingekwisha mpaka kaburini.

Hapo akili ikamletea njia ya mkato, na akili ikitaka kukuangamiza hukuletea jambo linaloonekana zuri. Ezron alikumbuka maneno ya Elina. Nyama yoyote itakayopita mbele yake. Basi bata wale walikuwa wake yeye! Na chakula cha kumwingiza mkwe hakiliwi na mtu mwingine kabla ya mkwe mwenyewe, hata mtoto akilia. Kwa hiyo hakuna haraka. Bibi atapika, chungu kitaletwa, yeye atakipokea kwa adabu zote, wabebaji wakishaondoka atakimwaga shimoni, na kesho atasema kilikuwa kitamu. Bibi hataaibika, atakuwa amemwingiza mkwe wake, na hakuna atakayedhurika. Aliona amefikiri vizuri. Alikaa akingoja nyayo zipite, na bibi alipofika sambamba naye alikohoa tena, taratibu, kikohozi cha shukrani, akaenda zake.

Ezron akarudi nyumbani. Alipita kwa Barnaba amtafute mkewe, Fides, kwa kuwa wazo la kumtuma mwanamke akamwonye bibi lilikuwa linamkuna, lakini Fides hakuwapo. Hakumtafuta zaidi. Alioga, akavaa shati la kanisani, akakaa kitini. Ndiyo, alikaa. Watu wakisema majuto ni mjukuu husema kwa mzaha. Ezron alikuja kumjua mjukuu huyo kwa sura na kwa jina, na jina lake ni kiti kile alichokikalia mchana ule kuanzia saa nne mpaka saa tisa.

Saa tisa alisikia vigelegele vikivuka barabara. Fides alikuwa mbele, amebeba chungu kilichofungwa kitambaa cheupe, na wanawake wengine wawili nyuma yake. Waliingia kwa magoti, kama inavyotakiwa. Fides akakiweka chungu chini.

"Mkwe wako anasema, mlango uliofungwa amechoka kuutazama," alisema. "Kula, baba, ili uingie."

Ezron alikuwa amesahau kwamba wabebaji hawaondoki. Mkwe hula mbele yao, ndio mashahidi.

"Wekeni," alisema. "Nitakula."

"Utakula tukiona."

"Tumbo linanisumbua, Fides. Niachieni."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akashusha kitambaa cha kichwani kama mtu anayefunika aibu. Fides, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, akamkazia macho.

"Unaogopa chakula cha mama yule? Wewe? Basi sikia, hatukuleta chakula kisichojulikana. Ameonja mbele yetu, kama desturi. Mpishi wa mkwe asipoonja si ataitwa mchawi? Na hakuonja kwa ncha ya kidole. Amekula ini, amekula firigisi, amekunywa na mchuzi, akasema, asije mkwe wangu akashikwa na wasiwasi hata kidogo. Sisi tumemeza mate tu."

Hilo nalo Ezron alikuwa amelisahau. Alisimama. Hakukumbuka baadaye kama alisema chochote. Chungu kilipigwa teke kikavunjika, na yeye alikuwa tayari barabarani.

Hatua ishirini zile hakuwahi kuzikanyaga bibi akiwa nyumbani. Alizikanyaga kwa kukimbia, akafika mlangoni, na hapo, Mungu amsamehe, miguu ikasimama. Ikasimama kwa pumzi moja au mbili. Kisha akaingia.

Bibi Enesi alikuwa amejikunja chini karibu na mafiga, jasho linamtiririka, udenda unamtoka, na sakafuni palikuwa na matapishi. Alipoona miguu ya mwanamume alivuta kitenge akajifunika kichwa kizima. Hata tumboni moto ukimwaka, mkono ulikumbuka kazi yake.

"Mama," Ezron alisema. Lilikuwa neno la kwanza.

Fides alikuwa ameshafika nyuma yake, na bibi alimsemesha Fides kutoka ndani ya kitenge, kwa sauti iliyokatikakatika. "Fides. Mkwe amekula?"

Fides alifungua mdomo akamtazama Ezron.

"Nimekula, mama," Ezron akasema.

Kitenge kikatulia. Halafu taratibu bibi Enesi akakishusha. Ezron akauona uso wake. Ulikuwa uso mdogo, mweusi, wenye mwanya katikati ya meno ya juu, mwanya uleule wa Elina, na macho yaliyokuwa yakimtafuta ingawa yalikuwa yameanza kupoteza njia.

"Kumbe ndiwe," alisema. "Chumvi ilitosha? Nilikuwa na kidogo tu."

"Ilitosha, mama."

"Karibu nyumbani, mwanangu."

Ezron alimbeba mgongoni. Trekta la kijiji liliwashwa, tela likafungwa, bibi akalazwa juu ya magunia, na wakashika njia ya zahanati katika matope. Walikwama mara mbili. Mara ya pili, wakati vijana wanasukuma, Barnaba alimgusa Ezron begani, naye Ezron akaelewa, lakini aliendelea kumfunika bibi na shati lake la kanisani asilowe.

Alizikwa Ijumaa. Elina alifika kutoka Nakonde kaburi likiwa linafukiwa. Watu wa wilaya walikuja na daftari, wakauliza, wakaandika kwamba marehemu hakusikia tangazo kwa kuwa aliondoka mkutanoni kwa mujibu wa mila. Walimuuliza Ezron kama alijua kwamba marehemu ameokota ndege. Ezron alisema hapana. Mzee Kasiani alisimama kaburini akasema kijiji kimepoteza mama, na kwamba katika maisha yake hajaona mkwe mwenye adabu kama Ezron Siwale, ambaye hata siku ya kifo alisubiri kuingizwa. Watu wakaitikia. Ezron aliinamisha kichwa, na wakadhani ni machozi tu.

Mpunga ulivunwa, wageni wa wilaya wakapiga makofi. Mwaka uliofuata maji yalizidi, mwaka wa tatu yakazidi zaidi, na shamba likaachwa. Watu wakaanza kurudi mahame yao mmoja mmoja bila kuaga. Mbuga ikarudi kwa wenyewe. Kila mwezi wa tatu ndege walishuka pale kwenye matuta yaliyozama, ambako mpunga wa maotea ulijiotea bila bwana, na kila mwezi wa tatu Ezron alishuka kuwatazama. Hakuwa na debe tena. Alikaa kwenye jiwe tangu alfajiri, anawatazama wakishuka, na asubuhi nyingine alimtazama bata mdogo mmoja tu mpaka macho yakauma. Watu walisema amepatwa na ugonjwa wa ndege. Alikuwa akijaribu kuyasema yale maneno mawili. Aliyasema kwa sauti kila mwaka, Mama, tupa, wala hayakuwa magumu hata kidogo.

Mwaka themanini na nne, asubuhi moja ya mwezi huo huo, Elina alimfuata. Miaka saba hakuwahi kufanya hivyo. Alikuja na chupa ya chai, akaketi kando yake juu ya jani la mgomba, na kwa muda mrefu walitazama korongo wakitembea. Bata wa mluzi walizunguka juu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakatua.

"Wazuri," Elina alisema.

Labda ni neno hilo, au labda ni kwamba mtu hachoki kubeba mpaka anapopata pa kutua. Ezron akasema. Alisema yote: njia nyembamba, kikohozi, miguu sita kwenye kikapu, alivyochuchumaa, alivyofikiri, kiti alichokikalia. Alisema akitazama maji. Alipomaliza, chai ilikuwa imepoa.

"Najua," Elina alisema.

Ezron akageuka.

"Fides aliniambia siku ya arobaini. Mama alipotoka kijitoni hakuwa na nia ya kupika siku ile. Alitaka awakaushe bata, angoje nirudi Nakonde nimsaidie. Fides alimkuta anacheka peke yake jikoni. Mama akamwambia, nimepishana na mkwe wangu njiani, amejificha kwenye majani kama digidigi, nikamwonea huruma. Mtu wa adabu kiasi hiki namwacha nje mpaka lini? Washa moto, Fides, iwe leo." Elina aliwatazama bata. "Kwa hiyo nilijua kwamba mlipishana. Na kikapu cha mama hakikuwa na mfuniko."

"Miaka saba, Elina. Hukuniambia."

"Nilikuwa nangoja mdomo wako."

Ezron alitaka kushika mkono wake, akaogopa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umenisamehe?"

Elina alifikiri kwanza, kwa haki, kama mtu aliyeulizwa swali la kweli.

"Ungeniambia siku ile ningelia, ningekupiga, na ningekusamehe siku ile ile," alisema. "Mama mwenyewe alikuwa ameshakuita mwanawe, ningekuwa nani mimi? Msamaha nilikuwa nao tayari, Ezron, nimeshaushika mkononi nikupe. Nikangoja. Mwaka wa kwanza, wa pili. Sasa nikiutafuta siuoni, wala sijui ni lini ulianguka."

Alimwaga chai iliyopoa kwenye majani, akafunga chupa, akamwambia asikawie, kuna mahindi ya kupukuchua, akapanda kwenda nyumbani.